Tumepewa ofa ya mashine za bure kwenye kituo chetu cha sanaa na teknolojia Mwananyamala, sharti ni "data". Tuchukue au tukaushe?

Mchoraji wa Pembeni (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Hili nimelileta jukwaani kwa sababu kule kwenye grupu letu la WhatsApp limeshachafuka. Watu wanarushiana voisi noti ndefu ndefu na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Naomba macho ya watu wasio na maslahi.

Kwanza niwaeleze sisi ni nani. Ni kundi la wasanii na mafundi tuliopanga vyumba viwili juu ya gereji, Mwananyamala. Kuna wachoraji wa Tingatinga, wachonga vinyago, madogo wa muziki wa singeli, fundi simu, wanafunzi wa chuo wanaoandika programu, na dada mmoja mshona nguo ambaye kusema kweli ndiye kichwa cha mle ndani. Bosi hakuna. Ukilipa ada ya elfu kumi kwa mwezi una kura. Ukiwa huna, unatoa jasho: unafundisha, unafagia, unashika zamu ya mlango, na kura yako iko palepale. Hela inakaa M-Koba, akiba ya kundi kwenye simu, haitoki mpaka viongozi waidhinishe. Mfadhili hatuna.

Kazi zenyewe ni za kuchanganya sanaa na teknolojia hizi zinazoingia. Chukua kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Madogo wameandika programu kwa p5.js, zana ya bure ya kuchora kwa kuandika programu, inafunguka ndani ya brauza hata kwenye simu ya bei poa. Unaipa ua moja inakuzungushia pindo lote, unaipa jina inalikalisha mahali pake. Tunaitazama ukutani kwa projekta ya kuazima kabla hatujatengeneza skrini ya kuchapia. Zamani ukikosea pindo ulikuwa unagundua kitambaa kimeshaharibika.

Kingine ni vinyago. Tunavipiga picha kwa simu pande zote, mamia ya picha, halafu programu ya bure inaziunganisha mpaka unapata umbo zima unaloweza kulizungusha kwenye skrini. Kusema ni rahisi. Mpingo ni mweusi, na ukishasuguliwa na kupakwa kiwi unang'aa. Ule mng'ao unahama kila unapohamisha simu, programu inapotea njia, inakutolea kitu kama muhogo uliochemka ukapasuka. Kwa hiyo tunapiga kabla hakijapakwa kiwi, asubuhi kukiwa na mawingu au chini ya shuka jeupe, na kinyago tunakiweka juu ya gazeti la zamani ili programu ipate herufi za kujishikiza. Hata hivyo kinyago cha shetani wa Kimakonde chenye matundu matundu bado kinatushinda. Ndani ya tundu kamera haifiki, basi programu inaziba kwa kubahatisha. Wenye kazi yao wakiona wanakasirika, na wana haki.

Sasa mada. Kampuni moja, siitaji na msinifuate PM, imekuja na ofa: kompyuta nne zenye kadi kubwa za michoro, projekta mpya, printa ya 3D, na kodi ya pango ya mwaka mzima. Wao wanataka skani zote tulizonazo na tutakazopiga, picha za michoro, na rekodi za wazee na vijana wakiongea Kiswahili cha mtaani. Ni za kufundishia mifumo yao ya akili mnemba. Mkataba unasema wanapewa haki hizo "milele, popote duniani, bila malipo ya ziada", na wanaweza kumpa mtu mwingine yeyote wamtakaye.

Msimamo wangu nautoa mapema nisije kuambiwa nimejificha: kwa mkataba huu, nasema tukatae. Sanaa ya Dar haijawahi kukwama kwa kukosa mashine. Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960, alichukua hadibodi za ujenzi na rangi ya baiskeli, vitu vya dukani kabisa, akaanzisha mtindo unaobeba jina lake mpaka leo. Kwenye mabanda umiza ya kuonyeshea video, watafsiri akina Lufufu walishika maiki na filamu ya nje wakaigeuza yetu, watu wakawa wanakwenda kumsikiliza mtafsiri kuliko kumwangalia stelingi. Singeli imetoka uswahilini kwa kompyuta chakavu, leo inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Kila mara kifaa kilikuwa cha bei ya chini na aliyekishika alikuwa mtu wa mtaa.

Kinachotuua ni kodi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka mwezi wake. Kampuni imeshalijua hilo, ndiyo maana ikaweka pango kwenye ofa. Watu wanajadili kompyuta, lakini chambo ni pango.

Karibuni. Matusi nitupieni mimi, wanachama waacheni.

---

Pweza Mkavu

Nimeweka kambi hapa. Ngoja wajuvi waje.

---

Kausha Damu

Mkuu nakuheshimu ila hapa unautafuta umaskini kwa tochi. Kodi ya mwaka mzima siyo hela ya mchezo. Halafu hizo picha mnazolinda ziko Instagram miaka yote, mmeziposti wenyewe na hashtegi juu. Watu wa AI walishazizoa kitambo, hawakuomba ruhusa wala hawakununua hata maji. Huyu angalau kaja na mkataba mkononi. Saini, chukua mashine, piga kazi. Wabongo tunapenda kukalia mali mpaka panya waimalize.

---

Mkongwe wa Upanga

Shikamoo sijaipata humu ndani lakini nachangia hivyohivyo.

Wengi wenu hamkuikuta Nyumba ya Sanaa. Ilianza mwaka 1972 chini ya Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, na baadaye ikawa na jengo lake pale kona ya mtaa wa Ohio, jirani na hoteli ambayo sasa ni Serena. Ungekuta vijana wanachora kwenye ngozi ya mbuzi, wanachapa picha kwa sahani za chuma, wengine wanafinyanga, wengine wanafuma. Kwa wakati ule kuchapa picha kwa sahani ya chuma kulikuwa ndiyo hiyo teknolojia mpya yenu. George Lilanga aliingia pale akiwa mlinzi. Mlinzi! Akatoka msanii ambaye kazi zake zinatafutwa dunia nzima. Hicho ndicho kituo cha jamii ninachokijua mimi: mlango uko wazi kiasi kwamba hata anayeulinda anaweza kuingia akashika brashi.

Leo ukipita pale jengo hulioni. Lilibomolewa. Lakini Tingatinga wana chama chao cha ushirika tangu 1990 na bado wako Oysterbay, upande uleule wa Morogoro Stores mwanzilishi alikokuwa akiuza. Nafasi Art Space nao wako Mikocheni tangu 2008, studio zao ni makontena ya meli. Kontena lina faida moja ambayo hamjaifikiria: ukifukuzwa kwenye kiwanja unaondoka nalo.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta mada halihusu AI. Hiyo kodi ya mwaka kampuni itamlipa nani? Mkataba wa pango utabaki kwa jina la kundi, au wao ndio watakaosaini na mwenye nyumba? Kama ni wao, nyie mtakuwa wageni kwenye chumba mlichokipaka rangi wenyewe, na mwaka ukiisha hamna hata pa kuanzia kudai.

---

Mchoraji wa Pembeni

Mzee shikamoo, na ahsante. Nimeufungua mkataba upya baada ya kusoma hapa. Ni wao ndio wanaosaini na mwenye nyumba. Kipengele kiko ukurasa wa mwisho na kwenye kikao hakuna aliyekigusa, wote macho yalikuwa kwenye orodha ya vifaa.

---

Pweza Mkavu

Duh.

---

RangiTatu

Mimi natengeneza biti Mbagala. Habari ya sauti ndiyo imenishtua kuliko vinyago.

MC wa singeli mali yake ni koo. Biti inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, mtu anachana humo ndani bila kukata, na ile staili kaisotea kwenye vigodoro, spika mbovu, vumbi, mabishano na mjumbe. Ukitoa masaa ya rekodi zake "milele na popote", kesho mashine inachana kwa sauti yake kwenye tangazo la sabuni, yeye anaisikia akiwa kwenye mwendokasi kabanwa mlangoni. Na hapati hata nauli.

Sisemi sisi ni malaika. Tumekata vipande vya taarabu na mchiriku tukavikimbiza mbio ambazo wenyewe hawakuzidhania. Ila huyo tuliyemkata tunamjua. Anakuja studio kanuna, tunakaa, tunaelewana, wakati mwingine anaingiza verse kwenye hiyohiyo ngoma. Huyo wa kwenye mkataba utamfuata wapi?

---

Wakili wa Buza

Niweke sheria kidogo, kwa kifupi, maana huu siyo ushauri wa kulipia.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi, hailindi mtindo. Mtu akichora chui kwa staili ya Tingatinga hana kosa. Akinakili mchoro wako fulani, ana kesi ya kujibu. Ulinzi unadumu uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Tingatinga mwenyewe alifariki 1972, kwa hiyo michoro ya mkono wake imeshatoka kwenye ulinzi huo. Ya wanachama wenu walio hai haijatoka.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Skani ya kinyago ni nakala ya kinyago. Aliyenunua kinyago kanunua kile kipande cha mti, haki ya kukinakili inabaki kwa mchongaji mpaka aitoe. Na nyie kundi hamna haki hiyo kwa sababu tu mlishika simu mkapiga picha. Mkisaini mkataba kwa niaba ya wachongaji ambao hawajawapa mamlaka, mmegawa kisicho chenu. Kwa sanaa za jadi zisizo na mwandishi mmoja, sheria hiyohiyo ina sehemu yake, na matumizi ya kibiashara yanapitia BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

Upande wa sauti kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023 na ina Tume yake. Sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Inachukuliwa kwa lengo alilolijua na kulikubali, na ana haki ya kubadili mawazo. Neno "milele" kwenye mkataba haliwezi kukaa chumba kimoja na haki ya kubadili mawazo.

Kausha Damu, kuposti Instagram siyo kutoa ruhusa.

---

Kausha Damu

Wakili sheria tamu, utekelezaji uko wapi? Nionyeshe msanii mmoja wa Mwananyamala aliyeiburuza kampuni ya California mahakamani akashinda. Nasubiri hapa na kahawa yangu.

---

Wakili wa Buza

Ndiyo maana nawaambia wasisaini. Kushtaki kuna gharama, kutosaini hakuna.

---

Bint Newala

Mzee wangu anachonga pale Mwenge, soko la vinyago, tangu sijazaliwa, naomba nimsemee kidogo maana humu hayupo na hatakuja.

Wakuu mnaongelea kunakili utadhani ni jambo geni pale. Nenda Mwenge leo, utakuta twiga hao hao, simba hao hao, kibanda hiki na kile. Hakuna anayejua nani alianza na hakuna anayegombana. Hizo ni kazi za chakula. Ukija na simu yako ukamskani twiga, mzee atakusogezea na kigoda ukae.

Ila ana kazi nyingine. Hizo hazikai mbele ya kibanda, ziko nyuma zimefunikwa gunia. Shetani zake. Anaweza kukaa na gogo wiki nzima analigeuza tu, hajatia tezo, anatafuta limelala vipi. Hizo akikuuzia anakuuliza unapeleka wapi. Sasa hao vijana wa kompyuta wanapoweka twiga na shetani kwenye folda moja wanaiita "data ya vinyago", hapo ndipo mzee anapoona wamemdharau.

Kinachomuuma zaidi ni jina. Vinyago vyake viko kwenye nyumba za watu huko nje vimeandikwa "sanaa ya Afrika", mwaka hakuna, jina hakuna. Mkitaka ridhaa yake anzeni hapo: kila faili libebe jina la mchongaji, kijiji alikotoka, aina ya mti na mwaka. Na bei ijulikane. Yeye siyo mtu wa kukataa hela, anakataa kufutwa.

---

Mchoraji wa Pembeni

Bint Newala, hili la kutenganisha kazi za chakula na kazi zenyewe sikuwahi kulisikia likisemwa wazi hivi, na wachongaji tunao mle ndani. Nalibeba kwenye kikao.

---

Fundi wa Aggrey

Mimi ni fundi, sitaongea haki za binadamu. Naongea umeme.

Hizo kompyuta za kadi kubwa, ikifanya kazi nzito moja inakula kama wati 500 hivi. Masaa nane ni uniti nne. Mnazo nne, uniti 16 kwa siku. LUKU ya matumizi ya kawaida ni kama shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati). Hapo ni 5,700 kasoro senti kwa siku. Chumba juu ya gereji, bati kichwani, joto la Dar la Februari, bila AC hizo mashine zitakuwa zinajizima zenyewe. AC ndogo ongeza kama elfu tatu kwa siku. Mkifanya kazi siku 26 kwa mwezi mnakaribia laki mbili na thelathini. Ada yenu elfu kumi. Kwa hiyo wanachama ishirini na tatu wanafanya kazi ya kuilisha mashine ya bure.

Mkataba unasema nani analipa LUKU? Nabashiri: nyie.

Ushauri wangu, nunueni kompyuta mpakato za mtumba moja moja, wekeni Linux, mfumo endeshi wa bure, mzigawane. Kazi nzito ya kuunganisha picha ipeleke usiku kwenye mashine moja tu mliyoitunza vizuri, ilale inapika. p5.js na Blender, ile programu ya maumbo ya 3D, ni bure. Kompyuta hizo za mtumba zikifa mnajua pa kuzileta.

---

Pweza Mkavu

Fundi kaharibu sherehe kwa kikokotoo 😂

---

Mchoraji wa Pembeni

Hesabu ya Fundi nimeipeleka kule grupuni, kimya kimetanda kwa mara ya kwanza.

Niongeze jambo kwa wanaodhani bila kampuni kubwa kituo cha namna hii hakisimami. Kipo na vipo. Dakar kuna Ker Thiossane, ilianza 2002 kwenye nyumba ya kawaida ya mtaani, sanaa na midia za kidijitali. Tamasha lao la Afropixel lilianza 2008, na baadaye wakafungua karakana ya vifaa vya kidijitali ambayo majirani wanaingia. Lomé kuna WoeLab, imeanzishwa 2012 na msanifu majengo Sénamé Koffi Agbodjinou. Hao walitengeneza printa ya 3D kutokana na skana na kompyuta zilizotupwa, yaani mzigo wa jalalani. Na Sheffield, Uingereza, mwaka 2000 ilianzishwa Access Space. Walichukua kompyuta zilizotupwa na maofisi, wakaweka programu huria, mtu anaingia bure, anajifunza, na anategemewa amfundishe anayefuata. Uingereza hiyo, nchi yenye hela, wakaamua kuanza na vilivyotupwa.

Na hapa hapa Dar, Tandale ilichorwa ramani na wakazi pamoja na wanafunzi mwaka 2011, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaendelea na kata zinazofurika maji. Ile ramani iko wazi, hata sisi tumeichukua bure tukaifanya mchoro wa ukutani, mifereji yote ya Tandale kwa rangi ya bluu. Mwenyekiti wa mtaa mmoja alikuja akasimama mbele yake akaanza kutuonyesha mfereji ambao haupo.

Kwa hiyo sipingi kutoa. Hata kwenye sauti, kuna mradi wa Common Voice wa Mozilla. Watu wanajirekodi kwa Kiswahili kwa hiari yao na ile hazina anaichukua yeyote, mwanafunzi wa Mlimani sawasawa na tajiri wa Marekani. Kule anayetoa anajua anatoa nini, na kilichotoka kinabaki chake pia. Hapa tunatoa, halafu tukikitaka tena tutakikuta nyuma ya mlango wa mtu.

Pendekezo langu la kuwajibu kampuni, nalinoa hapa kabla ya kikao: pango libaki jina letu, hilo halina mjadala. Skani za kazi za chakula wapewe, wao na wengine wote, kwa majina ya wachongaji. Kazi za nyuma ya gunia, kila mmoja na mwenyewe, kwa bei yake na kwa muda maalumu. Sauti, hapana kabisa mpaka tukae na wenye sauti. Na LUKU walipe wao. Wakikataa, basi tumebaki tulivyo.

---

Kausha Damu

Wakikataa mmerudi kwenye kodi ya miezi sita. Hilo umelirukia juu kwa juu mkuu. Chakula cha wachongaji umekipanga, pango la kundi hujalipanga.

---

Cherehani Moja

Mimi ndiye huyo dada mshona nguo "kichwa cha mle ndani". Nashukuru kwa sifa, mngenipa na nafasi ya kuongea kwenye kikao ningeshukuru zaidi.

Nianze na Kausha Damu kwa sababu ana hoja. Pango tunaweza kulipunguza na kaka zangu wanalijua. Chumba cha pili kinakaa tupu mchana kutwa kwa sababu wenye kompyuta wanaamka saa saba. Mimi na wenzangu wawili tumeomba tuweke vyerehani asubuhi mpaka saa nane, tulipe theluthi ya kodi. Ombi limeahirishwa kila kikao kwa sababu eti kituo kitageuka kiwanda cha nguo. Hao hao wanaosema hivyo ndio wanaopiga makofi kanga ikionyeshwa ukutani. Kanga ikiwa mwanga ni sanaa, ikiwa kitambaa na mkasi ni kiwanda?

La pili ni la sauti, na hili sikutaka kulileta huku ila mleta mada kalifungua. Rekodi za wazee tunazo tayari. Mmoja wao ni bibi yangu mzaa mama, wa Kinondoni Hananasif. Walikuja vijana wetu wawili na maiki, wakampa soda, akasimulia Dar ya zamani, mafuriko, ndoa zake zote mbili, na mambo ya jirani ambaye bado yupo hai. Alidhani anazungumza na wajukuu. Hakuna aliyemwambia kwamba itakaa kwenye diski, wala kwamba kuna siku itakuwa kwenye orodha ya vitu vya kumpa mtu badala ya projekta. Juzi nimemweleza. Aliniuliza swali moja tu, kama yale ya jirani nayo yamo.

Yamo.

Kwa hiyo kabla ya kampuni, sisi wenyewe tuna deni. Turudi kwa kila mzee, tumchezee alichosema mpaka mwisho, asikilize, aseme hiki baki nacho na hiki futa. Kwa Kiswahili cha kawaida, siyo fomu. Bibi anataka la ndoa libaki, anasema ni la kweli na wajukuu wajifunze. La jirani lifutwe.

---

RangiTatu

Dada heshima yako. Mimi nina rekodi za MC wangu kwenye flashi ambazo hajawahi kuzisikia tangu alivyotoka studio. Naanza na hizo.

---

Mkongwe wa Upanga

Cherehani Moja, pale Nyumba ya Sanaa chumba cha kufuma hakikuwa cha wageni, kilikuwa sehemu ya nyumba. Waambie hao wanaoamka saa saba.

---

Mchoraji wa Pembeni

Dada, ombi la vyerehani linaingia ajenda namba moja, kabla ya kampuni. Na mimi nilikuwa upande wa walioahirisha, najua unajua.

Kwa theluthi hiyo, miezi sita ijayo tunaifikia bila mkataba wa mtu. Kwa shida, lakini tunaifikia. Fundi wa Aggrey, hiyo mashine moja ya kupika usiku tutakutafuta uitazame, bei tutaelewana.

---

Fundi wa Aggrey

Bei ya mwanachama au ya mteja?

---

Mchoraji wa Pembeni

Lipa elfu kumi kwanza tukuite mwanachama.

---

Kausha Damu

Bado nasema mnaacha hela mezani. Ila nataka kuja kuona hicho kikao kwa macho. Mtu wa nje anaruhusiwa?

---

Mchoraji wa Pembeni

Anaruhusiwa, kura hana. Jumamosi baada ya alasiri. Ngazi ni za nje, upande wa gereji, ya tatu kutoka chini imelegea, iruke. Dakika za kwanza ni za kuwasikilizisha wazee rekodi zao, kwa hiyo ukifika umechelewa kaa nje mpaka wamalize.

---

Cherehani Moja

Na uje na kikombe chako. Wanaume wa mle ndani hawaoshi.